Waridi la Luther si la rangi ya waridi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme neno kuhusu nembo inayopakwa juu ya milango ya makanisa ya Kilutheri, inayodariziwa kwenye stola za wachungaji na kuchongwa katika mihuri ya ofisi za sharika. Walutheri wa Uganda ni wachache ukiwaweka kando ya waumini wa Kanisa la Uganda na Wakatoliki. Kwa hiyo fundi anayepewa kazi hii mara nyingi anaichora kwa mara ya kwanza, na anayemwagiza humwambia tu: "Weka waridi, moyo na msalaba." Ndiyo maana tunaona moyo wa dhahabu, msalaba mweupe, waridi jekundu, au vyote vitatu kwenye ubao mmoja.

Kosa la kwanza limejificha ndani ya Kiswahili chenyewe. Kwetu "rangi ya waridi" ni pinki. Mzee wa usharika akitamka waridi, fundi anachukua nyekundu kidogo, anaimiminia nyeupe, na kabla ya saa sita mchana ukuta unafanana na keki ya harusi. Waridi la Luther ni jeupe pepepe. Mwenye nembo mwenyewe ndiye aliyesema liwe jeupe, na sababu akaiandika.

Hapo ndipo nembo hii inapoachana na nyingine nyingi, ambazo maana yake hutungwa baadaye na wajukuu. Hii ina barua. Katika kiangazi cha mwaka 1530 Martin Luther alikuwa katika ngome ya Coburg. Wenzake walikuwa Augsburg mbele ya Kaisari Karl wa Tano, ambako Ungamo la Augsburg, tamko la imani yao, lilisomwa tarehe 25 Juni. Yeye hakuweza kwenda, kwa kuwa tangu baraza la dola katika mji wa Worms, mwaka 1521, alikuwa ameondolewa ulinzi wa sheria na yeyote angeweza kumkamata. Lazarus Spengler, karani wa mji wa Nürnberg, akampelekea mchoro wa muhuri wake uliokwisha kutiwa rangi, akitaka kujua kama umepatia. Luther alijibu tarehe 8 Julai. Wachapaji wa Barabara ya Nasser pale Kampala wataitambua kazi hiyo mara moja: mteja anaikagua sampuli kabla mashine haijawashwa. Muhuri wenyewe ulitengenezwa kwa agizo la Johann Friedrich, mwana wa mtawala wa Saksonia, na mwezi Septemba pete yenye muhuri huo ilimfikia Luther palepale Coburg.

Waridi lilikuwa limeshaanza kazi kabla ya hapo. Mwaka 1524 vitabu vyake vilichapwa vikiwa na alama mbili, mwanakondoo mwenye bendera, na waridi lenye moyo na msalaba pamoja na herufi ML, ili msomaji ajue kwamba kitabu kimepita mkononi mwa mwandishi. Wachapaji wengine walikuwa wakitoa nakala zenye makosa kwa jina lake. Yaani nembo tunayoiheshimu madhabahuni iliwahi kufanya kazi ile ile ya stika ya kuzuia bidhaa feki.

Sasa barua. Luther anaanzia katikati na kutoka nje, na mfuatano huo haufai kuguswa.

Kwanza msalaba, nao ni mweusi, umekaa ndani ya moyo wenye rangi yake ya asili. Msalaba unafisha na unauma, ndiyo maana ni mweusi, lakini moyo unabaki na wekundu wake kwa sababu msalaba hauharibu maumbile ya mtu: unamwacha hai. Hapo Luther anaegemea Warumi: "Mwenye haki ataishi kwa imani," na lile neno la sura ya 10 kwamba mtu huamini kwa moyo hata kupata haki. Maana yote imo katika kukutana kwa rangi hizo mbili. Ukiupaka moyo dhahabu umeondoa damu, na ukiupaka msalaba weupe umeondoa maumivu.

Tunajua kwa nini mafundi wanaubadilisha. Sanaa ya nembo ina kanuni ya zamani: dhahabu na fedha (yaani njano na nyeupe) huitwa metali, nyekundu, buluu, nyeusi na kijani huitwa rangi, metali haikai juu ya metali, wala rangi juu ya rangi. Kanuni hii ni ya macho, si ya mapambo. Ngao ya taifa letu inaifuata vizuri, jua la dhahabu kwenye uwanja mweusi, na ndiyo maana hata juu ya sarafu iliyochakaa au barua iliyofifia unalitambua. Msalaba mweusi juu ya moyo mwekundu unaivunja kanuni, na kwa umbali wa mita thelathini, hasa jioni, msalaba unamezwa. Fundi mwenye jicho zuri anaona tatizo, anapaka nyeupe, na anadhani amesaidia. Lakini msalaba mweupe juu ya nyekundu ni bendera ya Uswisi. Wengine huondoa moyo kabisa na kuweka msalaba mwekundu juu ya waridi jeupe, na hapo wanakaribia alama ya Msalaba Mwekundu, ambayo Mikataba ya Geneva ya 1949 inailinda na haitumiwi ovyo. Dawa ni nyepesi kuliko hiyo: nyekundu iwe kali, si ya damu ya mzee wala hudhurungi, nyeusi iwe nyeusi kweli, na msalaba uwe mnene.

Baada ya moyo linafuata waridi jeupe, kuonyesha kwamba imani inaleta furaha, faraja na amani. Luther anatahadharisha kwamba amani hiyo si ile itolewayo na ulimwengu, akirejea Yohana 14:27, na ndiyo sababu waridi linapaswa kuwa jeupe na si jekundu. Jeupe, anasema, ni rangi ya roho na malaika wote. Msomaji wa Biblia ataikumbuka Mathayo 28:3, malaika wa kaburini mwenye mavazi meupe kama theluji. Kwa hiyo anayepaka waridi jekundu au la pinki amechora hasa kile ambacho barua inakikataa kwa jina.

Kisha uwanja. Hapa Kiswahili, kilichotuangusha kwenye waridi, kinatulipa fidia. Luther aliandika uwanja wenye rangi ya mbingu, na sisi tunalo neno samawati, ambalo limetoka katika neno la Kiarabu la mbingu. Uwanja uwe samawati, rangi ya anga ya asubuhi baada ya mvua, kwa kuwa furaha hiyo ya imani ni mwanzo wa furaha ya mbinguni itakayokuja: imeshashikwa kwa tumaini, bado haijaonekana. Buluu nzito ya sare za shule si kosa la kufukuza mtu kanisani, ila inaifunika maana, na tena inalifanya waridi lionekane limekwama shimoni.

Mwisho ni pete ya dhahabu inayozunguka yote. Heri ya mbinguni haina mwisho, kama pete isivyo na mwisho, na inapita furaha na mali zote, kama dhahabu inavyozipita metali nyingine. Pete iliyokatwa chini ili kupitisha jina la usharika, tunayoiona mara kwa mara, imepoteza kazi yake. Jina likae nje ya pete.

Barua haisemi neno kuhusu idadi ya petali, wala vijani vya kijani vinavyochungulia katikati yake. Petali tano na sepali tano (ndivyo vijani hivyo) ni desturi ya waridi la ngao huko Ulaya. Anayehubiri kwamba petali tano ni majeraha matano ya Kristo ana haki ya kuhubiri, ila asimsingizie Luther.

Tuje kwenye ubao. Vipimo vifuatavyo ni vya duara la kipenyo cha sentimita 100. Kwa ukubwa mwingine zidisha au gawanya vyote kwa kiasi kimoja. Huhitaji bikari kubwa, msumari mmoja katikati, uzi usionyumbuka na penseli vinatosha. Usitumie uzi wa nailoni, unavutika na duara linakuwa yai.

Zungusha duara la nusu kipenyo cha sentimita 50, kisha la 45. Kati yao ni pete. Zungusha la tatu la 22, kwa penseli hafifu, kwa sababu litafutwa. Juu ya hilo la 22 weka alama juu kabisa, halafu pima kwa rula sentimita 25.9 kutoka alama hadi alama ukizunguka, na alama ya tano itarudi ulikoanzia. Isiporudi, tofauti ya milimita mbili tatu igawe kwa zote. Ikizidi hapo, msumari wako umelegea. Kwa kipimapembe ni nyuzi 72 kila hatua, lakini kipimapembe cha mtoto wa shule kwenye ubao wa mita moja kitakudanganya. Katika kila alama zungusha duara la nusu kipenyo cha sentimita 16. Hizo ndizo petali. Zitapandana, na ukifuta mistari ya ndani unabaki na waridi linalofika sentimita 38 kutoka katikati, likiacha 7 za samawati kabla ya pete. Sepali zichomoze mahali petali mbili zinapokutana, ndogo, zisifike kwenye pete. Kwa kuwa petali moja iko juu kabisa, sepali moja itaelekea chini moja kwa moja, na hiyo ni njia ya haraka ya kujua kama ubao umetundikwa sawa.

Moyo huwashinda wengi, wanauchora kwa mkono na upande mmoja unanenepa. Chora mraba wa sentimita 20 uliosimama kwa pembe yake, kitovu chake kikiwa kwenye msumari. Juu ya kila upande wa juu weka nusu duara la nusu kipenyo cha sentimita 10, bikari ikisimama katikati ya upande huo. Umepata moyo wa upana wa sentimita 34 na kimo cha 31, unaoacha weupe wa kutosha kila upande. Msalaba uwe na kimo cha sentimita 20, upana wa 14 na unene wa 4, mkono wa kulala ukiwa juu ya katikati. Usiufikishe kwenye ncha ya moyo: chini kule moyo umebana, na msalaba ukigusa ukingo unageuka upanga uliochoma moyo. Hiyo ni picha nyingine, ya Kikatoliki, inayohusu huzuni ya Mariamu.

Maana ya nembo inasomwa kutoka ndani kwenda nje, lakini rangi haifuati njia hiyo. Piga msasa, pangusa vumbi, kisha paka ubao wote nyeupe mara mbili. Nyeupe hiyo ndiyo waridi lako na ndiyo kitanda cha nyekundu, ambayo kwa kawaida haifuniki vizuri na huhitaji mikono miwili au mitatu. Halafu samawati kuzunguka petali, halafu moyo, halafu sepali, msalaba, na pete mwisho. Usithubutu kuanza na msalaba ukitarajia kuuzungushia nyekundu: nyekundu ikipita juu ya nyeusi inabaki kama kovu. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba, ipe kila rangi siku nzima ikauke kabla ya kubandika tepu ya karatasi juu yake, la sivyo tepu itaondoka na petali.

Rangi usinunue galoni. Duara lote ni chini ya mita moja ya mraba, na lita moja ya rangi ya mafuta hupaka mita kumi hivi kwa mkono mmoja. Makopo madogo kabisa ya nyekundu, samawati, njano na nyeusi yatabaki na nusu. Nyeupe ndiyo inayotumika zaidi.

Kama ni ukuta wa plasta mpya, ngoja wiki nne. Saruji changa ina ualkali unaoila rangi ya mafuta. Inakuwa nata kama sabuni, kisha inavuliwa kama ngozi ya nyoka. Buluu ya aina ya Prussia hufa kabisa juu ya chokaa, inageuka kahawia. Halafu dhahabu. Rangi nyingi za dhahabu madukani ni unga wa shaba na zinki, zinang'aa siku ya kuzindua kanisa, na unyevunyevu wa ziwa, kwa sisi wa Jinja na wenzetu wa Entebbe, huzigeuza kahawia au kijani kabla ya Pasaka ya pili. Sanaa ya nembo inaruhusu njano isimame badala ya dhahabu, na haihesabiwi umaskini. Njano nzuri ya yai la kienyeji inadumu miaka mingi kuliko dhahabu ya kopo.

Mabango ya kuchapwa kwenye turubai la plastiki ni rahisi na ya haraka, lakini jua la ikweta halina huruma. Katika wino za kuchapa, njano na nyekundu ya zambarau huchujuka kwanza. Buluu na nyeusi hubaki. Angalia basi kinachotokea: moyo unapauka, pete inapotea, na baada ya muda unabaki na msalaba mweusi ukielea angani bila moyo. Bango la turubai litumike kwa mkutano wa injili na likunjwe. Mlangoni weka ubao uliopakwa.

Kwa washonaji wa stola tuna mambo machache. Mashine ya kudarizi ikishona samawati, juu yake petali, juu yake moyo, juu yake msalaba, sindano inapita kwenye tabaka nne na inavunjika, na stola inakuwa ngumu kama mkeka. Kila umbo la chini liachiwe tundu pale umbo la juu litakapokaa, likipungua milimita moja au mbili tu ili pasionekane mwanya. Au kata moyo kwa kitambaa chekundu na uubandike kwa mshono wa ukingoni. Nyekundu ijaribiwe kabla: loweka uzi au kitambaa, kiweke kati ya vitambaa viwili vyeupe, pitisha pasi ya moto. Kikitoa hata alama hafifu, kitakuja kutoa kwenye petali siku stola itakapofuliwa, na hapo ndipo utalipata kweli lile waridi la pinki.

Siku hizi wengine wanataka nembo juu ya lubugo, lile vazi la gome la mutuba la Waganda. Tunalipenda wazo hilo kuliko satini ya dukani. Ila lubugo halikufumwa, limepondwa, na mshono wa kubana unalitoboa mfululizo kama stempu za posta hadi duara zima linaanguka. Tia kitambaa cha pamba nyuma, tengeneza nembo yote juu ya kitambaa kingine, kisha ishone kwa mishono mirefu ya mkono. Rangi ya kahawia ya gome ibaki nje ya pete. Isichukue nafasi ya samawati.

Mchongaji wa mbao au jiwe asiyetaka rangi ana msaada wa kina. Msalaba uinuke kuliko moyo, moyo kuliko petali, petali kuliko uwanja, na pete isimame sawa na petali. Mlango wa jiwe wa nyumba ya Luther kule Wittenberg, wa mwaka 1540, una waridi la kuchongwa namna hiyo, likizungukwa na herufi za neno la Kilatini VIVIT, yaani "yu hai".

Limebaki la muhuri wa mpira, ambalo ndilo dogo na ndilo linaloharibiwa zaidi, kwa sababu muhuri una rangi moja. Fundi akiambiwa moyo ni mwekundu anaujaza wino wote, na msalaba nao wino wote, na matokeo yake ni moyo mweusi usio na kitu. Wachonga mihuri walishapata jibu tangu karne ya 17: mistari badala ya rangi. Silvester Petra Sancta, padri Mjesuiti, alieneza utaratibu huo katika kitabu chake cha 1638, na hatuoni aibu yoyote kwa Mlutheri kukopa kwa Mjesuiti. Nyekundu ni mistari ya wima, buluu ni mistari ya kulala, dhahabu ni nukta, nyeupe huachwa tupu, nyeusi ni mistari ya wima na ya kulala iliyokatana. Lakini kwenye muhuri wa milimita 40 mistari ya moyo itazibwa na wino kabla ya wiki kuisha. Kwa ukubwa huo jaza msalaba wote, moyo uwe mstari wa ukingo tu, petali tupu, uwanja uwe na mistari ya kulala isiyobanana chini ya milimita moja, na pete iwe mistari miwili bila nukta. Msalaba usiwe mwembamba kuliko milimita moja na nusu. Jina la usharika likizunguka nje ya pete, kipenyo kiongezwe hadi 50; kulibana ndani ya 40 kunazifanya herufi zisomeke kwa mwenye muhuri peke yake.

Na usharika ukishalipia mchoro mmoja ulio sahihi, uuhifadhi kwenye karatasi ngumu pamoja na vipimo vyake, ili fundi wa mwaka kesho asianze tena kunakili kutoka kwenye bango lililochujuka.

Ni sisi,
Wachoraji wa vibao na mafundi wa kudarizi,
Jinja